Pepe

Kwetu Mabogini, pepe ni punje isiyo na kiini:
mama anarusha ungo, upepo unazipeleka kwa kuku,
mchele unabaki.
Kwa hiyo nilipomwambia kwenye simu, Jumamosi jioni,
kwamba nakesha Moshi mjini nikitengeneza swichi pepe,
alinyamaza kidogo, kisha akauliza:
"Na hizo wanakulipa?"

Wananilipa, Mama.
Kwa kuchelewa, kama maji ya jaruba la mwisho.

Chumba cha mashine kiko nyuma ya ghala la zamani la kahawa,
sakafu bado inanuka magunia.
Kompyuta kuu imesimama humo kama kabati la sakristia,
nyeusi, imefungwa, inanguruma chinichini.
Ndani yake mna kompyuta ishirini na mbili zisizo na mwili,
kila moja ikiamini iko peke yake duniani:
ya mishahara, ya akiba, ya mikopo ya mbolea,
ya pensheni za watu wa Kahe,
na moja ambayo Nakijwa, aliyenitangulia,
aliiacha bila maelezo, na hakuna anayethubutu kuizima.
Hazina waya. Hazina hata tundu la kuchomeka waya.
Zinatakiwa zisemezane, na zisemezane na mji.

Naandika mstari, na swichi ipo.
Ungeipima mashine kabla na baada
mzani usingetikisika.
Jina lisizidi herufi nane, ndiyo sheria.
Nahesabu kwa vidole. Naiita MABOGINI.
Naifunga kwenye kadi mbili za kweli,
moja ya kazi, moja ya kungoja.
Kisha ruhusa, jina kwa jina,
maana hapa hapiti mtu kwa kujuana.

Hilo nilijifunza kabla sijaona kompyuta.
Baba alishika funguo za malango ya maji, mfereji wa pili,
na daftari la zamu lililovimba kwa unyevu:
saa nane usiku, Mbazi; saa tisa, Ndewingia.
Asiyekuwemo daftarini, maji yalimpita,
hata kama amefungua lango lake,
hata kama ni shemeji.
Walimwita roho mbaya.
Mimi nakumbuka visigino vyake vilivyopasuka.

Saa nane kasoro. Ishirini na moja zinaitika.
Ya pensheni, kimya.
Nakagua anwani. Nakagua namba ya mtandao. Nakunywa chai iliyopoa.
Namlaumu Nakijwa, ambaye yuko Dodoma, amelala.
Nusu saa nzima nasukuma mlango,
mpaka naisoma orodha niliyoiandika mwenyewe:
jina halimo.
Niliwasahau watu wa Kahe.
Mstari mmoja tu, ruhusa,
na inaitika kana kwamba haikusubiri.

Limebaki jaribio. Eliufoo, mlinzi, ameomba aone.
Nashika kebo ya kadi ya kwanza, kebo ya kushikika,
naichomoa.
Taa ya kijani inakufa.
Moja, mbi—
namba kwenye skrini zinasita
kama maji yaliyokuta jani mferejini,
kisha zinaendelea.
Eliufoo anainama, anamulika tochi nyuma ya mashine.
"Zimepita wapi?"
Namwonyesha kadi ya pili.
"Hiyo nimeiona. Swichi yenyewe iko wapi?"
Nafungua mdomo. Naufunga.
Anamulika tena, chini, pembeni,
kama mtu aliyeangusha sarafu.

Saa kumi na moja natoka nje. Julai; mlima umejifunika wote.
Jumatatu mtu wa Kahe atasimama dirishani,
atahesabu noti zake mara mbili, atalalamikia foleni.
Nampigia Mama, najua yuko macho, ni zamu yake.
"Umemaliza pepe zako?"
"Nimemaliza."
Nyuma ya sauti yake nasikia maji yakiingia jarubani,
kisha anaweka simu mbali na mdomo
na kumfokea mtu gizani
aliyefungua lango kabla ya saa yake.